Kabuti la Kwenda Kuposa

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Huku tu wazima, na ng'ombe wako mwekundu amezaa. Unauliza uvae nini juu ukiendesha baiskeli, jua na mvua zikipokezana. Mimi nilipotoka Shinyanga kwa baiskeli kwenda Geita kumposa bibi yako, nilivaa kabuti la kuazima ili niheshimike. Jua likanipika, kisha mvua ikanilowesha, nikafika natetemeka.

"Vua, kijana, likauke," baba yake akasema.

"Sina baridi, mzee," nikajibu, meno yakigongana. Ndani nilikuwa na fulana yenye matundu tu. Akiiona, mke nimemkosa.

Alipotoka kutazama ng'ombe, bibi yako akanitupia shati la kaka yake. "Vaa upesi, anarudi."

Wewe vaa shati jepesi lisilo na matundu, na koti ulifunge kwenye keria. Bibi amechungulia ninavyoandika; anasema shati lile bado sijalirudisha.

Babu yako