Jina la Baba Daftarini

Tumba, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo. Mama yako amepata kazi hospitalini Flemingsberg. Mimi goti linanisumbua.

Umeuliza kwa nini huko Amerika unakosomea sheria watu wanadai mahakamani kwamba kuandikisha bunduki kunavunja katiba. Nikiwa kijana kule Kivu, baba aliandikisha bunduki yake ya kuwindia. Waasi walipoteka ofisi ya serikali wakalikuta daftari la wenye bunduki, wakaja nyumbani wakiita jina lake, naye akawatolea bunduki.

“Toa na ya pili!”

“Ninayo hii moja tu,” baba akajibu.

Wakamchukua na bunduki yake. Hakurudi. Baadaye bunduki ileile ilimuua jirani yetu, ikaokotwa kando yake, na muuaji hajulikani hadi leo, maana hakuna aliyeandika ni nani aliyepewa. Ukiwa hakimu, wafikirie wote wawili, baba na jirani.

Babu yako anayekupenda