Kilio Bila Kibali

Jumanne, 2 Juni 1987

Mazoezi tena. Ukumbi wa kanisa, hapa Langas, baada ya kazi, vidole vinauma kwa kushona kaptura za shule kutwa nzima. Nimelia. Nimelia tena. Mwalimu Odhiambo, anayetuongoza, amekaa kiti cha nyuma kabisa na kusema hasikii kitu.

Mimi ndiye mjane. Mume wangu wa mchezo ni Wafula wa kiwanda cha unga. Kazi yake ni kufa mapema, kisha kulala juu ya benchi amefunikwa shuka, huku mashemeji wakininyang'anya shamba. Basi! Na bado analalamika ati kwenye picha stelingi, yule shujaa, hafi. Ningebadilishana naye leo leo.

Naitaka sehemu hii kuliko kitu chochote. Wacha niandike ukweli, hakuna anayesoma. Tangu lile gari la sinema lije kwetu Kaptagat nikiwa mdogo, wakaonyesha picha kwenye ukuta wa stoo ya pareto, sijataka kitu kingine. D.O., mkuu wa tarafa, ametupa kibali cha siku moja tu, Jumamosi tarehe 27. Siku moja, na mjane mwenyewe hajui kulia.

Jumapili, 7 Juni

Nimetoroka kanisani kabla ya matangazo, nikaenda town kuona picha. Ya Kihindi. Nilikaa mbele kabisa ili nisome uso. Yule dada alipofiwa hakupiga kelele hata kidogo. Chozi moja. Likashuka polepole mpaka kidevuni. Weh! Nilikwisha. Nyuma yangu wanaume wazima walikuwa wanapenga kamasi.

Nyumbani nimejaribu mbele ya kioo. Chozi limekuja, zuri kabisa, la jicho la kushoto. Sasa mbona Mwalimu anasema halionekani? Sielewi. Uso wa kwenye picha ni mkubwa kama nyumba, wangu ni huu huu.

Halafu nikamkumbuka Baba, na sikutaka. Mwaka jana mvua zikianza tulimzika. Kwetu watu hawapigi nduru. Mama alinishika mkono, akasema, shika moyo. Nikaushika. Hakuna aliyeniambia niuachilie lini.

Nimekula viazi vya jana, nimelala.

Jumatano, 10 Juni

Mwalimu leo hakukaa nyuma. Alikuja mpaka mbele. "Chebet, dada yangu, hilo chozi ni la sinema. Kuna mama atakaa kule nyuma na mtoto mgongoni. Ataliona na nini?" Akasema kwao ziwani mtu akifa hata kijiji cha pili kinajua kabla ya jua kutua. Akalia kidogo kunionyesha. Nywele zilinisimama. Kisha akafuta miwani, akauliza nani ana kiberiti.

Ametoa neno: Jumamosi nisipolia, sehemu inakwenda kwa Rose.

Rose anauza mitumba. Ana sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Namchukia Rose. Hajanikosea chochote, hata leo amenipa pipi. Nimeila pipi yenyewe nikiwa na hasira.

Jumamosi, 13 Juni

Mwandiko mbaya leo. Wacha tu.

Mchana, mvua. Wafula akalala juu ya benchi, wakamfunika hadi kidevuni. Shuka ilikuwa fupi. Miguu ikabaki nje, na soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba.

Baba alikuwa na soksi kama hiyo. Niliiona siku ile kule mochari. Mimi ninayeshona nguo za watoto wa wenyewe, ile soksi sikuwahi kuishona.

Sikumbuki kuanza. Nakumbuka neno moja tu: Baba! Baba! Nilikuwa sakafuni. Rose alikuwa ameshika kichwa.

Halafu mlango ukafunguliwa. Wanawake wa Langas. Mmoja na kuni, mmoja na sukari kwenye karatasi, mwingine amejitwika sufuria kubwa ya kupikia matanga. Nyuma yao wanaume wamevua kofia. Wote wanalia. Ati wamesikia msiba! Mama wa sufuria akanikumbatia, akaniambia, lia mama, lia, umebaki na Mungu. Nami nikazidi. Hapo ningeweza kusema ni mchezo. Sikusema. Kwa nini sikusema?

Na Wafula naye! Mwalimu alishamwambia maiti haitikisiki hata moto ukiwaka, basi akatii. Watu wanamlilia usoni, yeye kimya. Mpaka akapiga chafya.

Woi! Waliotoka kwa mlango walitoka kwa mlango. Wengine dirishani. Sufuria waliiacha, iko hapa kwangu mpaka sasa.

Tulicheka tukaishiwa nguvu. Kisha Rose akasema kuna jamaa wa kwao Wafula, muuza mahindi ya kuchoma, aliyekuwa amechungulia dirishani. Hakusubiri chafya. Alikimbia stage, akapanda gari la Moi's Bridge, kwao Wafula, kupeleka habari ya kifo.

Hakuna aliyecheka tena.

Jumapili, 14 Juni

Mama yake Wafula amefika asubuhi kwa lori la mahindi, pamoja na wajomba. Alimkuta mwanawe anakaanga mayai. Akampiga na kiatu. Akamkumbatia. Akampiga tena. Mayai yakaungua.

Kumbe mambo ni mabaya. Kaburi limeshachimbwa, walichimba na taa usiku ule ule. Kwao kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, litamtafuta mwenyewe. Lazima wazike mgomba humo, wauite jina la Wafula, walie kama kawaida. Jumanne. Mpaka hapo Wafula asiguse mchezo wowote.

Na aliyeanza kilio ndiye atakayekimaliza. Mama yake akanitazama mimi. Nilingoja tusi. Akasema, "Ulimlia mwanangu vizuri." Basi. Sijui kama nimeshukuriwa au nimelaaniwa.

Jumatatu, 15 Juni

Chifu. Amekuja na askari wawili mpaka ukumbini. Nani aliruhusu mkutano wa Jumamosi? Mwalimu akasema ni mazoezi. Chifu akasema kibali kinasema mchezo tarehe 27, hakisemi kilio tarehe 13. Na watu wote wale walikuwa wanalia nini, wakati nchi ina amani? Nani aliwatuma?

Hata mimi nilijiuliza, walikuwa wanalia nini?

Amekichukua kibali, amekitia mfukoni. Ukumbi umefungwa mpaka atakapotoa amri nyingine. Nimemwona Mwalimu akimtazama chifu kama mtoto aliyenyang'anywa mpira.

Kwa hivyo mchezo umekufa, na mimi ndiye nimeuua, siku ile ile niliyojua kulia. Rose hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Jumanne, 16 Juni

Tumerudi. Nimechoka. Nitaandika hivi hivi.

Nilimdanganya mwenye duka ninakoshonea kwamba nina msiba. Je, nilidanganya? Sijui.

Tulienda kikundi kizima. Boma la kwao Wafula limejaa: wazee, kwaya ya kanisa, watoto kwenye ua. Mgomba umevikwa shati la Wafula, lile la kijani. Wafula mwenyewe wajomba wamemficha nyuma ya jikoni, haruhusiwi kuonekana mpaka udongo urudi. Nilipita hapo, nikamkuta anakula ugali na maziwa lala, uso umemshuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wako wengi?" Nikamwambia wengi. Akafurahi kidogo.

Niliogopa kwamba kilio hakitatoka. Watu mia na mgomba, wote wanajua ni mgomba! Nilipoona shati linashushwa kaburini kilio kikatoka chenyewe, na wote wakalia, na mjomba mmoja mkali, mwenye viatu vya mpira, akaanguka magotini. Anajua Wafula anakula ugali. Alimpelekea sahani mwenyewe. Sasa alilia nini?

Nikanyamaza kuvuta pumzi. Nikamwona Mwalimu ng'ambo ya kaburi. Aliinua kidole kidogo tu, kama anavyofanya mazoezini: endelea. Na midomo yake ikasema kitu. Nimemuuliza tukirudi. Alisema, matanga hayahitaji kibali.

Nikaendelea. Nikasema maneno ya mjane, yale ya shamba. Rose, ambaye ni wifi mbaya, akatokea kwenye kwaya na kunijibu kwa sauti ile ya mitumba. Mashemeji wakaja na kamba ya kupimia. Mchezo mzima, kuzunguka kaburi, mpaka mwisho. Hatukuona pazia wala taa. Nilipowaambia mashemeji waning'oe pamoja na mahindi, mama mmoja mzee wa kule nyuma alipiga kelele, usitoke mwanangu! Alikuwa kule nyuma kabisa.

Hawakupiga makofi. Walifukia. Kisha Mama Wafula akanipa kuku, amefungwa miguu, na kuniambia hata yeye shemeji zake walimfanya hivyo hivyo. Alijuaje tulikuwa tunaigiza? Au hakujua? Nimemshika kuku mapajani njia nzima na sijui alikuwa wa nini.

Jumamosi, 27 Juni

Ndiyo ingekuwa leo. Nimepita ukumbini. Kufuli. Nimeshona mpaka jioni.

Mwenye sufuria alikuja kuichukua wiki iliyopita. Akaniambia aliniona nikilia na angetaka kuona tena. Nikamwambia hakuna ruhusa. Akasema, ya kulia?

Jumapili, 28 Juni

Kaptagat, kwa Mama. Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye miti.

Habari zilimfikia kabla yangu. Ati Chebet alipiga nduru kama watu wa ziwa, hadharani, mpaka chifu akaja. Nilingoja kugombezwa. Alinipa chai, akaendelea kupukusa mahindi. Kisha akauliza wanaanzaje.

Sikumwelewa. Akasema, "Hicho kilio. Kinaanzia wapi?"

Nikamwambia kinaanzia tumboni, si kooni, na lazima uwe na jina la kuita. Nikamwonyesha kidogo, kwa sauti ya chini, watu wa jirani wasije na kuni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema ng'ombe hajakamuliwa. Akachukua ndoo, akatoka.

Nilikuwa naosha vikombe nilipoisikia. Nyuma ya zizi, upande wa kaburi la Baba. Sauti nyembamba, imekwama, ikaacha, ikaanza tena. Alikosea mahali pale pale nilipokuwa nakosea mimi. Alianzia kooni.

Sikujua kama niende au nikae. Nikakaa. Akajaribu tena, na hiyo ikatoka.

Amerudi na maziwa. Tumeyachemsha.