Balungi la Figo Iliyobaki

Dada Wanza mpenzi, Machakos bado baridi?

Huku Ndia Kuu nimelia kwa furaha. Daktari amepiga simu: kile kipimo cha damu, kinachotazama vinasaba vilivyoamka kabla figo haijaumia, kimetoka shwari. Mwili wangu haujiandai kuikataa figo uliyonipa.

Bi Rukia, mwenyeji wangu, akanimenyea balungi kwa chumvi na pilipili. Nikamwambia linavuruga dawa zangu. Akanuna. "Wakataa tunda langu?" Kisha akafikiri. "Na ile figo iliyobaki kwa dadako, yaruhusiwa?"

Nikacheka, nikasema ndiyo. Basi nakuletea mabalungi kikapu kizima, na usimgawie mtu. Figo hii niliyo nayo inakusalimu sana.

Nduguyo,
Mutua