Chuma Nilichochagua Modogashe

Jumatano, 1997

Leo mjini Modogashe nimenunua chuma na jiwe la cheche, vya kugonganisha kuwasha moto. Kiberiti cha gesi nimekiacha dukani. Mwenye duka alicheka, "Adeer, mzee wangu, hivi ni vitu vya zamani! Chukua hiki cha gesi, hata mtoto anakiwasha."

Nikamwambia mimi nilifukuza simba kwa moto kabla baba yake hajaota ndevu. Gesi ikiisha huko malishoni, nitawasha kwa mate? Nilisema vizuri sana.

Lakini ukweli nauandika hapa tu. Kile cha gesi nilikijaribu alipogeuka kupima sukari. Mara nne. Kidole gumba hakina nguvu ya kuzungusha kile kigurudumu.

Jioni nimegonga chuma nyuma ya nyumba mpaka ngozi ikachunika. Cheche zinaruka, mkono unatetemeka, haziangukii pamba ya kuwashia. Mke wangu Halima akaleta kaa la jikoni, akaiwasha ile pamba, akarudi jikoni. Afadhali angenitukana.

Kwetu asiyeweza kuwasha moto haachiwi ngamia. Kesho mwanangu Hassan anakuja kuuliza nani atalala nao malishoni. Nitasema ni mimi. Na Halima, wallahi, asifungue mdomo.