Pini ya Gari la Macho

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Leo nimeitwa kazini. Nimeitwa! Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa saba, na ule ulikuwa mguu wa kitanda.

Ni lile gari la macho lililoegeshwa uwanja wa stesheni, mbele ya nyumba yangu. Zamani wazungu walikuwa wakitembea nalo huko kwao na kulala ndani — kitanda, jiko, mpaka choo! Kanisa moja la huko likalinunua na kulileta huku liwe la kupasulia mtoto wa jicho. Ubavuni lina chumba kinachotoka nje kama droo ya kabati. Bonyeza swichi, kinatoka. Bonyeza tena, kinarudi. Jumamosi wamepasua watu hapa Same, jana wamewafungua bandeji, leo walitakiwa waende kijiji cha Bendera. Chumba kimegoma kurudi. Na gari haliwezi kusafiri limetokeza ubavu hivyo, litang'oa kila mti wa njiani.

Daktari ametangulia Bendera kwa basi. Wamebaki dereva Habibu, mtu wa Makanya, na nesi Honorata. Mngoni. Miaka arobaini na kitu.

"Shikamoo, fundi," akaniambia.

Marahaba. Sikuipenda. Nina hamsini na saba tu!

Nimepima betri — nzima. Fyuzi — nzima. Swichi — nzima. Mota inanguruma, chumba kimetulia tuli. Habibu anasema labda waandike barua kiwandani. Barua! Nikamwambia mimi nimekaa karakana ya shamba la mkonge miaka ishirini na sita, enzi ambazo spea ilikuwa jina tu. Hatukuandika barua, tulichonga.

Nesi akaleta chai. Nikasema mimi Msabato, sinywi majani. Akachemsha mchaichai. Akamimina mwenyewe, akatia sukari, akakoroga. Tangu mke wangu Jenoveva azikwe, mwaka wa tatu huu, sijamiminiwa kitu na mtu. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa.

Jumanne, 6 Septemba

Nimeiona! Saa nne asubuhi, chali chini ya gari, mchanga mpaka masikioni. Chini ya chumba kuna reli mbili za chuma zenye meno, gia zinatambaa juu yake. Kati ya mota na gia kuna pini, haifiki urefu wa kidole. Imekatika vipande viwili. Mota inazunguka bure. Basi! Kazi ya nusu saa.

Nikavitoa vile vipande, nikavifunga kwenye karatasi, nikaandika juu: Pini, gari la macho, imetolewa 6/9/94. Ndivyo tulivyofundishwa karakana, kila kilichovunjika kipewe jina na tarehe. Nikatia mfuko wa shati la kazi.

Nikatoka chini. Nesi akauliza, vipi fundi, umeona?

Nikasema bado natafuta.

Neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme nimeona, na likatoka hilo. Habibu kusikia vile, akasema basi anakwenda Makanya kuwaona wanawe, aitwe gari likipona. Akadandia lori. Tukabaki mimi, nesi na gari. Niandike tu ukweli, nani atasoma? Nilifurahi.

Jumatano, 7 Septemba

Nimeifungua mota. Haina ugonjwa wowote. Nimeipanga vipande vipande juu ya gunia, nikavisugua kwa mafuta ya taa huku nimekunja uso. Fundi bingwa!

Nesi alileta stuli akakaa karibu. Ameacha mabinti wawili Songea kwa dada yake. Mwaka wa pili huu analala ndani ya gari, kila wiki mji mwingine, hajui jirani yake ni nani. Nikamweleza habari za Asheri, mwanangu wa pekee, aliyeniaga anakwenda Mererani kuchimba mawe. Miezi kumi na minne sasa. Hata salamu kwa kondakta hakuna. Nesi akasema pole.

Jioni nikampelekea makande. Akacheka — nyie Wapare, mahindi na maharage mnaita chakula cha wageni! Akala sahani mbili.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimenyoa ndevu.

Nesi amenisalimu "Habari za asubuhi, fundi." Habari za asubuhi! Si shikamoo. Nimelikumbuka hilo kutwa nzima kama mjinga.

Mchana kondakta wa basi la Bendera ameleta ujumbe wa daktari. Watu arobaini na watatu wanalala madarasani pale shuleni. Wengine wameshikwa mkono njia nzima. Wanauliza gari linafika lini. Nesi akanitazama. Nikasema, mota hizi za kizungu, nesi, ukiziharakisha unaziharibu.

Mwe! Eliakimu! Huna haya!

Ijumaa, 9 Septemba

Kondakta tena. Sasa ni arobaini na wawili. Bibi mmoja, Mwanaidi binti Amiri, haoni macho yote mawili, amechoka kungoja. Kasema kama ni kutokuona ameshazoea. Kachukua fimbo yake, kaondoka kurudi kwao. Nesi alikaa kwenye ngazi ya gari akakunja bandeji ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nikaenda nyumbani mbio. Nilikuwa naona aibu. Nikataka nimfanyie nesi kitu ambacho hajafanyiwa na fundi yeyote. Pini yao ilikuwa chuma laini mno, tupa inakila kama muhogo. Nikasema hawa wazungu wamebana matumizi. Mimi nina kipande cha chuma cha korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Nilikiokota siku walipofunga karakana na kutugawia barua za kupunguzwa. Nimekichonga tangu saa nane, vidole vinatoka damu. Hii haikatiki mpaka Bwana arudi!

Ila jua. Jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, sishiki spana. Baba hakushika, nami sijapata kushika. Nilipomaliza kufunga mota, jua lilikuwa limebakiza shubiri moja juu ya nyika. Nilitakiwa nilale chini tena dakika kumi niangalie pini ya kwanza ilikatwa na nini. Pini haijikati! Hata mfagiaji wa karakana alijua hilo. Siku nne nimepoteza kwa makusudi, na zile dakika kumi ndizo nikazionea uchungu. Nikapaza sauti: nesi, bonyeza!

Chumba kikaja. Shubiri mbili, tatu, vizuri kabisa. Nesi akapiga makofi. Halafu kikakwama. Pini ya wazungu ingekatika hapo hapo, ndiyo kazi iliyowekewa, ikatike yenyewe gia ipone. Yangu haikukatika. Krak! Krak! Krak! Nilisikia meno ya gia yakitoka moja moja.

Jua likazama. Nikafunga sanduku la spana. Nesi alikuwa bado ameshika swichi, ameduwaa.

Jumamosi, 10 Septemba

Sabato. Nilivaa suti. Nilifika mpaka mlangoni pa kanisa, wanaimba. Nikageuka nikarudi. Nikajilaza chini ya gari na suti yangu. Mungu akinisamehe sawa, asiponisamehe sawa, lakini kuna watu arobaini na wawili pale shuleni.

Nimekuta kilichobana. Fimbo! Fimbo ya kutembelea, ncha imelika, imejikaza kati ya reli na ukuta wa chumba. Nesi kaitambua mara moja. Ni ya mzee mmoja wa Jipe. Jumapili alipofunguliwa bandeji alitoka nje akasimama uwanjani anahesabu mbuzi za watu, kwa sauti, mmoja mmoja, akaondoka bila kukumbuka kwamba alikuja na fimbo. Ikateleza chini kwenye reli. Kumbe! Tulicheka! Nesi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. Nilisahau kabisa kwamba mimi ni mwongo.

Nikamwambia gia imekufa, lakini nikitoa pini, na fimbo ikishatoka, chumba kitasukumwa kwa mikono. Watu sita wanatosha. Sikusema kwamba hata Jumatatu watu sita wangetosha. Tumempelekea Habibu ujumbe arudi kesho.

Nesi akasema, vua hilo shati, limejaa grisi, nami nikalifue. Nikasema ni Sabato. Akasema mimi Mkatoliki, dhambi ni yangu! Akachukua na lile la kazi nililotundika jana kwenye kioo cha gari. Nimevuka uwanja na koti la suti juu ya fulana, naimba.

Nimeshafika nyumbani, nimeweka maji motoni. Ndipo nimekumbuka mfuko wa lile shati la kazi.

Jumapili, 11 Septemba

Habibu amekuja na basi la kwanza. Tumepata wabeba mizigo wa stesheni, tumesukuma, chumba kimeingia bila shida. Nimekifunga kwa mnyororo. Mpaka ipatikane gia nyingine, kila watakaposimama atahitajika mtu wa kukifungua, kukisimamia kinaposukumwa, na kukifunga tena. Habibu anasema, si wewe hapo, fundi? Panda twende, nyumbani umeacha nini?

Sijaacha kitu. Nimefunga mlango. Nimebeba sanduku na blanketi.

Nesi ametoka na mashati. Yamekauka, yamekunjwa, mpaka kola zimenyooka.

"Shikamoo, fundi."

Marahaba, nikasema.

Juu ya mashati kulikuwa na kile kikaratasi. Mwandiko wangu: Pini, gari la macho, imetolewa 6/9/94. Chini yake mwandiko wake, ule wa kadi za wagonjwa: Mwanaidi binti Amiri. Macho yote mawili. Ameondoka 9/9/94.

Nesi ameingia mbele, amekaa.

Naandika nimekalia sanduku, katikati ya uwanja. Injini inaunguruma. Nimemwuliza Habibu kama gari linafika kwao yule bibi. Anasema kufika linafika, ni kupita Bendera, saa nzima mbele, ila mwenye safari ni nesi. Muulize mwenyewe, si yule pale! Kioo cha upande wake kimeshushwa. Naona kiwiko chake. Hatazami huku. Mkononi nina fimbo ya mzee wa Jipe, hata sijui nimeichukua ya nini.

Habibu amepiga honi. Mlango wa nyuma uko wazi, sijui nani kauacha hivyo, yeye au Habibu.

Kapiga tena. Nasimama. Naanzia dirishani kwa nesi, nimwulize habari ya bibi.