Kitabu Alichonisomea Mama Yako

Mwanangu,

Natumai barua hii itawakuta wewe, mkwe wangu na wajukuu mkiwa wazima, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia, nayo yana haki baada ya kubebeshwa maboksi ya vitabu. Umeniuliza kwa nini mama yako alifika kwako na sanduku bila kusema atarudi lini, ukasema kila ukimdadisi anakujibu umwulize baba yako. Basi nakujibu, ingawa nitaanzia mbali kidogo.

Unakijua kitabu changu cha mtoto aliyekufa kwa homa. Mtoto yule ni kaka yako, aliyetutoka kabla hujazaliwa. Mchapishaji alipofunga ofisi alinirudishia haki zangu kwa barua nzuri, nami nikadhani nimerudishiwa kitabu. Kumbe haki ni karatasi tu. Kurasa zilizopangwa zilikuwa zimepotea, na picha ya jalada ilikuwa mali ya mchoraji. Nilipotaka kukichapa upya mwenyewe, watu waliniambia kuwa kitabu kilichokwisha kuchapwa hakina kazi tena. Waliosema hivyo hawajawahi kukichapa.

Nilimpata mama mmoja mpangaji wa kurasa, mwenye chumba nyuma ya duka la dawa. Alikipitisha kitabu kwenye mashine ya kunakili maandishi, na mashine ikameza herufi zangu na kutapika nyingine. Kila nilipomrudishia kurasa alicheka na kuniita Mzee Nukta. Mwishowe alisema hakuna njia ya mkato: lazima kitabu chote kilinganishwe, mstari kwa mstari.

Macho yangu hayakuiweza kazi hiyo peke yake, nikamwomba mama yako. Kila asubuhi baada ya chai alishika nakala ya zamani, akaweka rula chini ya mstari, akasoma kwa sauti pamoja na alama zote. Mimi nilifuata katika kurasa mpya zilizochapwa kwa herufi kubwa. Alinitania kuwa uzeeni nimejifugia kasuku. Kitabu chenyewe hakuwa amekisoma hata siku moja. Kilipotoka mara ya kwanza alisema msiba ule aliushika kwa mikono, hana haja ya kuushika kwa macho. Mimi niliyemjua hivyo ndiye niliyemkabidhi rula.

Tulifika sura ya kifo. Akasoma: "Mama akaenda zake kwa jirani kupiga soga, mkato, mtoto akabaki na homa yake, nukta." Aliilaza rula mezani, akatazama ukuta.

"Sikwenda kwa jirani," alisema. "Nilikuwa langoni kwako."

Nilipofika nyumbani siku ile, mwanangu, nilimkuta kaka yako amekwisha kukata roho na mama yako hayupo. Jirani mmoja alinong'ona kuwa alikuwa kwenye soga, nami nikayameza hayo na baadaye nikayaandika. Mama yako alinieleza kuwa alikuja mbio shuleni kuniita tumpeleke mtoto hospitali, kwa kuwa fedha yote ya nyumba ilikuwa mfukoni mwangu. Bawabu alimzuia, akamwambia mwalimu anasahihisha mitihani na ameagiza asisumbuliwe na yeyote. Alisimama pale akibembeleza hadi akakata tamaa, akaenda kuzunguka akiomba mkopo; ndiyo maana nilimtangulia nyumbani. Agizo hilo nililitoa mimi. Nalikumbuka neno kwa neno.

Nilimwuliza mbona alinyamaza miaka yote. Akajibu kuwa sikuwahi kumwuliza alikuwa wapi. Kisha akaichukua rula na kuendelea. Alinisomea kitabu hadi ukurasa wa mwisho, asubuhi baada ya asubuhi, bila kuruka hata mkato mmoja na bila utani. Siku tuliyomaliza, alifunga sanduku.

Nilikwenda kwa mpangaji wa kurasa nikamtaka aibadilishe sura ile. Alinionya kuwa ukiigusa katikati, kurasa zote zinazofuata zinasogea na kazi inaanza upya. Akaniuliza nani atajua tofauti. Nilimwambia yupo mmoja. Akiba ya kuezeka nyumba imeishia humo, na sasa mvua ikinyesha nahamisha maboksi kukwepa matone. Duka la vitabu limechukua nakala chache kwa kunihurumia. Zile za zamani siwezi kuzirudisha. Ziko kwenye rafu za watu nisiowajua, na humo mama yako angali anapiga soga.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na mkwe wangu umshukuru kwa kumpokea mama yenu. Mama yako mpe salamu zangu, kama atazipokea. Pamoja na barua hii nimefunga nakala moja mpya, na nimekunja pembe ya ukurasa mmoja wa sura ile. Usimsihi arudi, hilo si lako kuliomba, wala si langu. Mketishe tu, umsomee ukurasa huo polepole. Alama usizitaje.

Ni mimi,
Baba yako