Nina Leseni ya Bunduki, Nikasema Sijawahi Kuishika

Bibi Tegwen mpendwa, mshauri wa sisi tulioshindwa na akili zetu wenyewe, naomba msaada wako na naomba kwanza usicheke, maana mimi si mtu wa kuchekwa, mimi ni mwanamume wa miaka sitini na moja, mfugaji wa kondoo mia tatu na ushee, na kabla baba hajaniachia shamba nilikuwa baharia miaka tisa, Rotterdam nimelala, Santos nimepigana, Montevideo nimependwa na wanawake wawili wa nyumba moja nikatoka salama kwa mlango wa nyuma, shule sikuimaliza lakini dunia nimeisoma ukurasa kwa ukurasa, na katika mabonde yetu haya yote hakuna anayenipita kwa bunduki, mbweha akija kula wanakondoo wangu nampiga kutoka mbali kiasi kwamba hapati hata nafasi ya kukasirika. Leseni ninayo, mwaka wa thelathini huu, kila ikikaribia kuisha naomba nyingine, bunduki zimefungwa kwenye kasha la chuma kama inavyotakiwa, na afisa wa polisi akija kukagua hunywa chai akaondoka ananisifu. Jina langu usilitaje gazetini. Niite Idwal, lilikuwa jina la fahali wa jirani, naye alishakufa, hatalalamika.

Mke wangu Nesta alifariki miaka sita iliyopita. Hapo sitaki kusema mengi. Nyumba ilinyamaza tu, mimi mwenye maneno ya kujaza kanisa nikawa naongea na mbwa, na mbwa mwenyewe siku hizi nikianza habari za Santos anasimama anatoka nje kwa sababu anajua zinaishia wapi. Basi mwezi wa kumi na moja nikasikia kwamba bonde la pili, ambako hawanijui, kuna klabu ya kulenga shabaha, wanakutana kila Alhamisi jioni kwenye kiwanda cha zamani cha sufu, nikajiambia, Idwal, nenda ukawaonyeshe watu kazi, nikavaa shati safi, nikaweka cheti changu cha leseni kwenye mfuko wa kifuani, nikaenda.

Mbele yangu kulikuwa na fundi bomba mmoja, naye ana leseni yake. Katibu wa klabu, huyu tumwite Gethin, alikiangalia cheti chake, akamuuliza maswali matatu, akamweleza sheria za pale, yote dakika kumi, akamwambia, "Karibu bwana, wewe huna haja ya miezi mitatu ya majaribio, nafasi yako ile kule mwisho, chai saa mbili." Yule bwana akaenda kule mwisho akalala kifudifudi peke yake na risasi zake, na hakuna aliyemsemesha tena. Upande wa pili kulikuwa na msichana ambaye hajui kitu, yuko kwenye mkeka, na kando yake amepiga magoti mama mmoja mwenye nywele nyeupe amezifunga kwa mpira wa kufungia barua, anamsogeza kiwiko kwa vidole viwili, anamwambia polepole, "Usiikimbilie. Vuta pumzi. Itoe nusu. Sasa subiri." Bibi Tegwen, tangu Nesta aondoke hakuna mtu aliyewahi kunigusa hata kiwiko. Yule mama akainuka, akaja kwangu, akaniuliza, "Na wewe mzee wangu, umewahi kushika bunduki?"

Cheti kilikuwa kifuani, nakisikia kinanichoma.

Nikasema, "Sijawahi, hata ile ya maji ya watoto."

Na kwenye fomu, palipoulizwa kama nina leseni, nikaandika Hapana, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Huyo tumwite Eirlys. Alikuwa akipeleka barua vijijini mpaka alipostaafu, mumewe alikufa zamani, na sasa ndiye anayefundisha wageni wote. Nimepata Alhamisi kumi na mbili. Ananipanga mabega, ananikaza mkanda wa bunduki mkononi, mikono yake ya baridi kama chuma cha getini. "Unapumua kama ng'ombe anayezaa," ananiambia. "Samahani mwalimu." "Mwalimu nani? Lenga." Kazi yangu ni kukosa, na kukosa, bibi, ni kazi ngumu kwa mtu wa aina yangu. Kadi ina shabaha ndogo kumi, ukipata zote katikati ni mia. Mimi hupata arobaini, arobaini na tano nikijisahau. Gethin huinua kadi yangu juu mbele ya watu wote: "Jamani, hii tuitume kwenye ligi au tuchujie maziwa?" Wanacheka, nami nacheka, na ndani majivuno yangu yanalia kama ndama aliyetengwa na mama yake.

Tatizo ni kwamba mkono wangu haujui kukosa ovyo ovyo. Nalenga pembeni, basi kwenye kila shabaha risasi inaingia pembeni palepale, juu kushoto, zote kumi kama zimepimwa kwa rula. Eirlys aliinyoosha kadi kwenye taa akaitazama sana. "Mkosaji wa kweli hutawanya risasi," akasema. "Hii bunduki ina kasoro." Akaanza kurekebisha kilengeo chake, na aliyeitumia baada yangu ni Gethin, akapata kadi ya aibu ambayo hajapata tangu utotoni, akanuna hadi mwisho wa chai. Wiki iliyofuata Eirlys alikirudisha kilengeo kilipokuwa, akalala mwenyewe akapiga kumi, akapata tisini na nane. Akainuka. Bunduki ilikuwa nzima, haina kasoro.

Kuna jambo jingine. Majuzi alfajiri nilikuwa mlimani, mbweha yuko mbele yangu wazi kabisa, na nikajisikia navuta pumzi, naitoa nusu, nasubiri, na nikaendelea kusubiri, si kwa sababu ya mbweha, nilikuwa nasubiri mtu aseme sasa. Mbweha akajiondokea zake. Nikabaki nimelala kwenye majani yaliyoganda, mtu mzima, nikisikiliza upande wangu wa kulia ambako hapakuwa na mtu.

Sasa Alhamisi iliyopita tulikuwa tunaosha vikombe, mimi na yeye. Akasema, "Idwal, miaka ishirini na miwili nafundisha. Nilimfikisha mtu mwenye chongo kwenye tisini na tano. Wewe sikuwezi."

"Mimi ni mzito tu," nikasema.

"Hapana, si wewe. Macho yangu yamezeeka. Naona kiwiko kiko sawa, kumbe hakiko sawa. Nimeshamwambia Gethin, wewe ndiye wa mwisho. Alhamisi ijayo ukimaliza miezi yako mitatu, naacha kufundisha."

"Usiache, Eirlys."

"Basi nipatie themanini," akasema, akanipa kikombe nikifute. "Themanini tu, nami niondoke nimefurahi."

Bibi Tegwen, sijala vizuri tangu siku hiyo. Themanini naweza kumpa nimefumba jicho moja na nusu. Na nikishapita majaribio, Gethin atapeleka jina langu polisi, nao watamwambia, huyu mbona tunamjua miaka thelathini, na hapo nitaipoteza klabu na pengine leseni, na mwezi wa tatu kondoo wanazaa na mbweha wanajua tarehe kuliko mimi. Kwa hiyo nauliza, gazeti lako hutoka Jumatatu, kule bonde la pili hawalisomi, na siku bado zipo: nimpe themanini zake afurahi, halafu nitoweke kabla jina halijapelekwa, au niseme ukweli nimpoteze huku ananitazama?

Ndimi, mwanafunzi asiyefundishika, ng'ambo ya mlima.

BIBI TEGWEN ANAJIBU

Idwal, nimecheka. Umechelewa kuniomba.

Kisha nikafika kwa mbweha, nikaacha kucheka. Upweke wa miaka sita si mzaha, na mtu kutamani kuambiwa polepole na mwenzake avute pumzi si dhambi, wala si utoto. Pole sana. Hapo huruma yangu inaishia, sasa kaa vizuri nikueleze ulichofanya.

Unadhani umeficha ubingwa wako. Hukuficha kitu chako, umechukua cha mwenzako. Mwanamke huyu ana jambo moja analojua kwamba analiweza, na wewe, kila Alhamisi, kwa makusudi, ukiwa na matundu kumi yaliyopangwa kwa rula, umemthibitishia kwamba haliwezi. Ameshaanza kuyashuku macho yake. Kesho atashuku kichwa chake. Na wewe unafuta kikombe! Hiyo themanini ya zawadi itupe. Ukimpa, ataacha kufundisha akiwa na furaha ya uongo, na bado ataacha. Tena siku jina lako litakapofika polisi au sokoni, atajua kwamba hata ushindi wake wa mwisho ulikuwa mchezo wako. Hutoweki mahali popote, mabonde yetu ni madogo.

Lipo pia la leseni. Kuandika Hapana kwenye fomu ya bunduki si utani wa melini. Leo hii, ukishaliweka gazeti chini, mpigie Gethin simu, mwambie yote, umwombe fomu nyingine uijaze kwa ukweli, na umwombe asimwambie Eirlys kabla yako. Ukimaliza, mpigie afisa wa leseni wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Watakufanya nini mimi sijui, wala sitakudanganya kwamba watacheka. Huenda ukakaripiwa tu, huenda bunduki zikachukuliwa kwa muda. Kwa hiyo mwombe jirani mapema akusaidie kulinda kondoo wakati wa kuzaa, badala ya kukaa unakisia.

Eirlys usimwambie klabuni mbele ya watu. Nenda kwake Jumanne mchana, gonga mlango, kofia mkononi. Na usianze na Nesta! Ukianza na marehemu atakuhurumia kabla hajakasirika, na ana haki ya kukasirika kwanza. Mwambie hivi: macho yako mazima, mafundisho yako mazima, mimi nilikuwa nakosa makusudi, nina leseni miaka thelathini. Halafu nyamaza. Najua kwako hiyo ni kazi kubwa kuliko kukosa shabaha, lakini nyamaza. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, usimwandikie barua, usipite pite mlangoni kwake. Akikuuliza kwa nini, ndipo umweleze lile la kiwiko pale mkekani, kama ulivyonieleza mimi, bila Santos na bila wale wanawake wawili wa nyumba moja, ambao kwa kweli siwaamini.

Atakuwa wako? Hilo hukuniuliza, lakini ndilo uliloandika tangu mstari wa kwanza. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtu hawezi kukupenda wakati hajakutana nawe bado, na huyu mpaka leo amekutana na mzee mmoja asiyejua kulenga.

Wakikukubali tena pale kiwandani, usiombe kufundishwa. Chukua nafasi ya kule mwisho, pamoja na fundi bomba, na ulenge kwa haki. Utakuwa peke yako kama dakika arobaini hivi, na zitakuuma. Zimalize. Saa mbili watu watavua viziba masikio na kuweka bunduki chini, na hapo, Idwal, nenda kwenye chai ukaongee na Eirlys.